Mkoa Wetu Haupo Kwenye Atlasi

Wiki iliyopita nilimnunulia mpwa wangu atlasi. Yuko kidato cha pili, anaishi na mama yake Vwawa, na mwalimu wao wa jiografia alishawaambia kila mmoja awe na yake. Nikaipata hapa Dar, jalada linang'aa, maneno "toleo jipya" kwa herufi nyekundu. Nikaituma kwa basi. Kesho yake usiku simu ikaita: "Shikamoo mjomba. Atlasi nimeipata, asante sana. Ila mjomba, mkoa wetu haupo."

Nikadhani hajatafuta vizuri. Nikamwambia aupige picha ukurasa wa Tanzania anitumie. Kweli, haupo. Mbeya inakwenda moja kwa moja hadi Tunduma. Songwe ilitengwa na Mbeya mwaka 2016, na mtoto huyu tangu anajua kuandika amekuwa akiandika Songwe juu ya madaftari yake.

Nikamwomba picha nyingine. Mpanda, ambayo leo ni ya mkoa wa Katavi, bado iko Rukwa. Njombe ni mji ndani ya Iringa. Geita na Simiyu hazipo. Sudan ni nchi moja. Lakini Manyara, mkoa wa mwaka 2002, upo. Basi ramani zile zinaonyesha hali ya baada ya 2002 na kabla ya Julai 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru. Ukitaka kujua umri wa atlasi, achana na jalada, fungua kwenye Sudan, kisha Katavi, kisha Songwe. Kilichokuwa kipya pale ni jalada, na nimetoa hela yangu nikijua nampa mtoto kitu cha kumsaidia.

Wachapishaji watasema kuchora ramani upya ni gharama, wanunuzi ni wachache, na serikali ikitangaza mkoa leo kitabu cha jana kimeshazeeka. Nawaelewa. Basi waandike mwaka pembeni ya kila ramani, mtoto ajue anasoma hali ya lini.

Lakini hata wangeirekebisha, Songwe ingekuwa kipande cha rangi ya waridi chenye nukta moja iliyoandikwa Vwawa. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Tunawapa watoto vitabu vya nchi nzima, vya Afrika nzima, vya dunia nzima, na kitabu cha mkoa anaokanyaga mtoto mwenyewe hakuna.

Chukua hilo jina tu. Mito inayoitwa Songwe kule ni miwili. Mmoja unateremka kwenda Ziwa Rukwa. Mwingine unakwenda Ziwa Nyasa, na ndio mpaka wetu na Malawi. Ukifurika huhama njia yake, na mtu anaweza kuamka shamba lake likiwa ng'ambo ya mto. Maji ya huu wa pili yanatoka Nyasa kwa mto Shire, yanaingia Zambezi, yanafika Bahari ya Hindi. Maji ya ule wa kwanza hayafiki baharini kamwe, maana Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea: maji huingia, jua likayanyonya, magadi yakabaki. Mito miwili, jina moja, na mwisho wao haufanani hata kidogo! Na uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Mtoto wa Vwawa anahitaji kitabu cha kumweleza hayo yote kwa pamoja: nchi ilivyoinuka na kupasuka pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, kwa nini kahawa ya Mbozi inapenda ule uwanda wa juu, kwa nini Tunduma ya mpakani, yenye barabara kuu na reli ya TAZARA, imeizidi watu Vwawa ambayo ndiyo makao makuu. Na Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma kilichoanguka kutoka angani, kipewe ukurasa wake.

Si ndoto. Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha Kiingereza kiitwacho Tanzania in Maps, mhariri wake L. Berry. Nilikikuta maktaba nikiwa chuo. Mvua, udongo, watu, mazao, kila jambo na ramani yake na maelezo yake. Nilikaa nacho hadi taa zikaanza kuzimwa. Kimepita nusu karne, na bado natamani mtu akae afanye kazi ya namna ile kwa Kiswahili, mkoa kwa mkoa.

Kuna wanaosema simu inatosha. Simu itakupeleka Tunduma bila kupotea, hilo sibishi, ila haikwambii kwa nini mji umekaa pale. Na mpaka wa Ziwa Nyasa, tunaobishania na Malawi, ramani nyingi za nje zinauchora ufukweni kwetu kwa kufuata mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, bila hata sentensi moja ya maelezo.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Vwawa, na ndani ya begi nina karatasi moja ya zile ramani za 1:50,000, ya upande wa kaskazini wa Mbozi, kwa bibi yake. Imechakaa mikunjoni. Tukaitandika sakafuni, tukazuia pembe kwa vikombe. Nikamwonyesha kwamba sentimita mbili ni kilomita moja, na kwamba kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, zikibanana ujue ni mteremko mkali. Akakitafuta kijito cha nyuma ya nyumba ya bibi, kile wanachochota maji, akakipata: kistari cha bluu kisicho na jina. Akakifuata kwa kidole polepole, kikaungana na kingine, kikapinda, hadi ukingo wa karatasi.

"Halafu kinakwenda wapi, mjomba?"

Nikamwambia Rukwa. Karatasi ya pili sikuwa nayo. Akachukua penseli, akaandika pale ukingoni jina la ziwa na kishale, kisha akaivuta ile atlasi mpya na kuanza kuchora mpaka wa Songwe kwa mkono wake.