Sugu na bei ya kadi ya chama

Mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, ambaye leo wengi wanamwita Sugu na enzi hizo akijiita Mr. II, alitoa wimbo Hali Halisi ndani ya albamu Niite Mr. II. Mle ndani mna polisi wanaowaandama vijana, mna maisha magumu ambayo hata rais anayajua, na mna wanasiasa wanaosaka umaarufu katika mchezo anaouita mchafu. Miaka 12 baadaye mtu huyohuyo akachukua fomu, akagombea ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya chama cha upinzani, CHADEMA, na kumwangusha Benson Mpesya wa chama tawala, CCM. Hapo ndipo mashabiki wake walipogawanyika, na mpaka leo hawajapatana. Wako wanaosema Sugu aliuacha muziki yatima akaenda kula posho mjengoni. Wako wanaosema huo ndio ulikuwa mwendelezo halali wa kazi yake, kwamba mtu hawezi kulalamika maisha yake yote bila siku moja kuingia mwenyewe ulingoni.

Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi na naona wanabishania kisicho kiini. Sugu alikuwa na haki ya kugombea, na jimboni alifanya kazi inayoonekana. Hasara ipo, lakini haikumpata yeye peke yake. Ilimpata kila aliyetaka kuchana mistari ya kuikosoa serikali baada yake, kwa sababu tangu 2010 malalamiko ya hiphop ya Bongo yalianza kuonekana kama yana kadi ya chama.

Ili kuielewa hasara hiyo lazima kwanza ujue alikotoka. Rap ilipoanza kushika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa mali ya vijana wenye ndugu ng'ambo na kanda za video, na wengi wao walichana kwa Kiingereza. Saleh Jabir aliwahi kuweka Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani na watu wakampenda, lakini kwa wengi Kiswahili kwenye rap bado kilikuwa ushamba. Vyama vingi vilirudi 1992. Redio binafsi zikaanza kurusha matangazo 1994. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, kijana huyu akatoa albamu yake Ni Mimi, kwa Kiswahili cha mtaani, akiwa hana jina kubwa la familia wala mfadhili wa maana. Albamu zikafuatana karibu kila mwaka: Ndani ya Bongo, Niite Mr. II, Nje ya Bongo, Muziki na Maisha, Itikadi. Vijana wa leo wanaopakua wimbo kwa sekunde kumi hawawezi kujua kanda moja ya kaseti ilivyozungushwa mtaa mzima hadi utepe ukakatika na kuungwa kwa gundi.

Sasa jiulize kwa nini Hali Halisi ilipita kila mahali. Ilikuwa kali, na kwa vipimo vya wakati ule ilikuwa ya hatari. Mashirika ya umma yalikuwa yakibinafsishwa, kazi zimepungua, na kijana akisimama kijiweni jioni hakuwa na uhakika kama atalala kwao au kituoni. Lakini mwimbaji hakuwa wa mtu. Balozi wa nyumba kumi wa CCM aliweza kuuimba wimbo ule bila kujiona msaliti, mpinzani akauimba akijisikia kuungwa mkono, na askari mwenyewe akautikisia kichwa akiwa nyumbani kavua sare. Wote walikubali kwamba hali ni ngumu, na hakuna aliyeulizwa atampigia nani kura. Nguvu ya namna hiyo hainunuliki, na ndiyo aliyoiweka rehani alipopanda jukwaa la chama.

Alipata nini badala yake? Upande huu wa hesabu husahaulika upesi. Novemba 2011 machinga na polisi walipambana vikali Mbeya, barabara za Mwanjelwa na Kabwe zikazibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Mbunge alipofika na kuzungumza na wale vijana, walimsikiliza na hali ikatulia. Wakubwa wenye vyeo na magari ya bendera hawakuweza. Yeye aliweza kwa sababu wale vijana walikuwa wamekua na sauti yake masikioni. Bungeni alikuwa Waziri Kivuli wa habari, utamaduni na michezo, kwa hiyo hoja za haki za wasanii zilisemwa na mtu aliyewahi kuuza kanda nyingi na kuambulia kidogo. Mwaka 2015 wapiga kura wakamrudisha. Mbunge aliyeshinda kwa umaarufu tu hupewa awamu moja, kisha watu wa sokoni humkumbusha kwamba barabara bado ni mbovu. Yeye alipewa mbili.

Wanaosema alikuwa mwoga wa kugusa wakubwa wengine nje ya serikali nao wamesahau. Miaka ya 2010 na 2011 alipambana hadharani na redio ya Clouds FM na mmoja wa wakubwa wake, marehemu Ruge Mutahaba, ugomvi ulioanzia kwenye kampeni ya malaria na kupanuka hadi swali la nani anashika shingo ya msanii wa Tanzania. Harakati za wasanii zilizoitwa Anti-Virus zilitokana na vita hiyo. Baadaye pande zile zilipatana. Unaweza kusema alikuwa na makosa yake katika ugomvi ule, lakini huwezi kusema alichagua adui mwepesi: msanii wa wakati ule aliyegombana na redio kubwa alikuwa anaitia kazi yake kitanzi.

Hoja za upande wa pili nazo ni nzito. Ya kwanza ni ulimi. Mwaka 2013 alikamatwa kwa maneno aliyoandika Facebook dhidi ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, baada ya Pinda kutamka bungeni kwamba wakaidi wapigwe tu. Septemba mwaka huohuo, katika vurugu za bungeni wakati wa mjadala wa sheria ya mabadiliko ya katiba, alitolewa ukumbini kwa nguvu. Mwaka 2016 akasimamishwa vikao 10 kwa ishara ya kidole. Wakosoaji wake husema hayo ni mambo ya kijiweni, si ya mheshimiwa, na kwamba kila alipotolewa nje Mbeya Mjini ilibaki bila mwakilishi. Kuhusu kidole nakubaliana nao moja kwa moja. Ishara ile haikumsaidia mwananchi hata mmoja na iliwapa wapinzani wake picha ya kumchafulia.

Kuhusu maneno, suala lina mikunjo zaidi. Katika rap dharau ni ufundi: anayejua kumshusha mwenzake kwa mstari mmoja hupigiwa makofi, na hata anayeshushwa hutabasamu akijipanga kurudisha. Ukiyatoa maneno yaleyale studio ukayapeleka mkutanoni, yanakuwa kielelezo mahakamani. Sugu alivuka mpaka huo mara nyingi kama vile haupo. Unaweza kuita huo ujasiri au uzembe. Mimi naona alikuwa anajua vizuri, ila aliamini wapiga kura walimtuma hivyo alivyo, wangetaka mtu wa lugha ya hotuba wangemchagua mwingine. Ni imani yenye mantiki, lakini gharama yake ililipwa na watu wawili gerezani.

Desemba 30, 2017 alihutubia mkutano katika uwanja wa Mwenge, Mbeya. Kumbuka hali ilivyokuwa. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Juni mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, mbunge akaachiwa jimbo lake tu. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni sauti, hizo zilikuwa nyaya mbili kubwa za kipaza sauti zimekatwa, ukabaki waya mmoja, wa mkutano wa jimboni. Huo nao ukamfikisha kizimbani. Februari 26, 2018 yeye na Emmanuel Masonga, katibu wa chama wa kanda, walihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa kutoa lugha ya fedheha dhidi ya Rais John Magufuli. Alitoka Mei 10, kabla ya muda uliotarajiwa, kwa msamaha wa sherehe za Muungano.

Linganisha na mwanahiphop Nay wa Mitego. Machi 2017 alikamatwa kwa wimbo Wapo, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia. Ndani ya muda mfupi akaachiwa, na Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais ameupenda na upigwe, ikiwezekana uongezewe mengine. Wimbo ulikuwa mkali, ila Nay hakuwa mgombea wa mtu. Aliyeshika mpini angeweza kujionyesha mvumilivu kwa kumsamehe na asipoteze jimbo wala kura. Kwa Sugu uvumilivu ungekuwa na bei ya kisiasa. Hapo ndipo ninaposema kadi ilibadilisha maana ya maneno: kinachosamehewa kwa mwimbaji kinahesabiwa kwa mwanasiasa.

Lakini hoja yangu hii ina tundu, na sitalifunika. Siku kumi hivi baada ya sakata la Nay, mwanahiphop Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana wakiwa studio za Tongwe, Dar es Salaam, wakapatikana siku chache baadaye wakiwa na majeraha. Roma hakuwa mbunge wala mgombea. Alikuwa na mistari tu. Kwa hiyo kutokuwa na kadi hakukuwa kinga, na kilichomwokoa Nay kilikuwa hisia za mkubwa mmoja siku ile, hakikuwa sheria. Anayesema Sugu angebaki msanii huru angekuwa salama anapaswa kwanza aeleze yaliyompata Roma.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2020. Sugu alitangazwa kushindwa na Tulia Ackson, aliyekuwa Naibu Spika. Profesa Jay, mwanahiphop mwenzake aliyekuwa mbunge wa Mikumi kwa CHADEMA, naye akaanguka. Katika uchaguzi huohuo mwanahiphop MwanaFA akaingia bungeni kutoka Muheza na meneja wa wasanii Babu Tale kutoka Morogoro Kusini Mashariki, wote kwa CCM, na MwanaFA mwaka 2023 akawa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Watetezi wa njia hii wana hoja ya kweli: naibu waziri anaweza kusukuma suala la mirabaha kuliko waziri kivuli anayesomewa kanuni kila akisimama. Msanii wa kawaida anayesubiri hela ya wimbo wake hajali imeletwa na bendera ipi. Ila hakuna anayetegemea Naibu Waziri atoe wimbo kuhusu polisi na vijana wa kijiweni. Naye amelipia kadi yake, kwa sarafu nyingine.

Wanaotumia matokeo ya 2020 kama ushahidi kwamba Mbeya ilimchoka Sugu wanajisahaulisha jambo moja. CHADEMA ilitangazwa mshindi katika jimbo moja tu Tanzania nzima, Nkasi Kaskazini, na upinzani uliyakataa matokeo. Mwenyekiti wa chama wa wakati huo, Freeman Mbowe, naye alianguka Hai. Katika mafuriko ya namna hiyo huwezi kujua nani alizama kwa uzito wake mwenyewe.

Mei 31, 2022 Sugu aliadhimisha miaka 30 ya muziki wake katika hoteli ya Serena, Dar es Salaam, na mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Aliyefungwa kwa kumtukana rais mmoja akamwimbia anayefuata. Wengi walisema hapo ndipo meno yalipong'olewa. Nilielewa shaka yao, hasa ukizingatia kwamba ana hoteli yake Mbeya, na mfanyabiashara huwa na mengi ya kupoteza. Yaliyofuata hayakuwapa haki. Mei 2024 aligombea uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa dhidi ya Mchungaji Peter Msigwa na kumshinda kwa tofauti ya kura mbili. Msigwa akahamia CCM mwezi uliofuata, Sugu akabaki. Agosti mwaka huo polisi walimkamata Mbeya pamoja na Tundu Lissu na viongozi wengine wakati wa kongamano la vijana lililozuiwa.

Kama msanii, hata hivyo, hesabu haijakaa sawa. Tangu aingie siasa hajatoa wimbo ambao balozi wa CCM na mpinzani wanaweza kuuimba pamoja, na sidhani kama anaweza tena, hata akiandika mistari bora kuliko ya 1998. Msikilizaji atatafuta kwanza rangi ya bendera. Kibaya zaidi, kijana wa Mwanjelwa anayechana leo kuhusu bei ya unga au kipigo cha mgambo anaulizwa swali ambalo Mr. II hakuulizwa: umetumwa na nani?

Oktoba 2025 jina la Sugu halikuwemo kwenye karatasi ya kura, wala la mgombea mwingine yeyote wa CHADEMA, kwa kuwa chama kilikataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi na Tume ya uchaguzi ikakiweka pembeni. Anayetaka kupima kama wana Mbeya bado wanamtaka hana cha kushika zaidi ya kura za 2020, na hizo, kwa sababu nilizozitaja, hazipimi kitu.