Kabla Hujatoboa Mlango Mwingine kwenye OpenMRS, Uliza

Kuna siku msimbo wangu ulimwita mgonjwa mmoja mara mbili. Ilikuwa dirisha la dawa, kituo kimoja cha afya huko Mbagala. Mama mtu mzima alikuwa ameshachukua dawa zake na kupanda bajaji, mara jina lake likatokea tena kwenye skrini, safari hii na namba ya faili ya zamani. Dada wa dirishani akanigeukia: "Kaka, mashine yako ina wazimu? Huyu mama si ameshaondoka?" Foleni nzima ikacheka. Mimi nikajifanya nakagua waya.

Waya haukuwa na kosa. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa tuliyokuwa tunaitumia, haitupi rekodi hivi hivi. Mtu akiwa ameandikishwa mara mbili na rekodi zake zikaunganishwa, ile isiyotakiwa hubaki kwenye hifadhidata ikiwa na alama kwamba imebatilishwa. Mimi nilikuwa nimejitungia huduma yangu ya wavuti, yaani mlango ambao skrini inabisha kuomba orodha ya foleni, na nyuma yake nikaweka SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, inayosoma majedwali moja kwa moja. Ile alama sikuiangalia. Ningepita kwenye tabaka la huduma la OpenMRS yenyewe, yaani sehemu ya programu inayokutolea data kwa kufuata kanuni zake, kazi hiyo ingekuwa imeshafanywa na watu walioifikiria kabla yangu. Isitoshe, SQL ya namna ile huruka hata ukaguzi wa ruhusa: yeyote mwenye nywila, awe wa mapokezi au wa stoo, angeweza kusoma foleni nzima ya kliniki. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hilo si la kuchekea.

Nalisimulia kwa sababu naona vijana wa hapa mjini wakirudia kosa lilelile kila mradi. Kituo kinataka kitu ambacho programu haina, au tunadhani haina. Mfadhili anataka ripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Basi tunafungua moduli yetu, yaani nyongeza ya kuchomeka kwenye programu, tunatoboa mlango, tunasonga mbele. Waendelezaji wa mradi wa OpenMRS wenyewe hawajui kama tupo. Leseni haitulazimishi kusema: ni ya Mozilla, toleo la 2.0, na moduli uliyoiandika mwenyewe unaweza kuifungia kabatini. Lakini ruhusa ya kukaa kimya haiondoi gharama ya ukimya.

Gharama ya kwanza ni aibu tupu. Ile orodha yangu ya foleni ilinichukua wiki mbili. Baadaye nikagundua kwamba moduli ya REST ya OpenMRS, ile inayotoa data kwa anwani za wavuti, inakuruhusu kuchagua sehemu unazozitaka kwa kuongeza maneno machache tu kwenye anwani: v=custom, halafu kwenye mabano unataja jina, kitambulisho, na chochote kingine. Badala ya wiki mbili za maisha yangu, mstari mmoja ungetosha. Ningeuliza, ningeambiwa kabla chai haijapoa.

Ya pili huja siku ya kupandisha toleo. Toleo la 1.9 lilipokuja na ziara za wagonjwa, lilibadilisha pia namna ya kumwandika mtoa huduma: tukio moja la matibabu likaweza kuwa na watoa huduma kadhaa badala ya mmoja. Aliyepita kwenye milango ya mradi alikuta njia ya kuhama. Aliyejitobolea ukutani alirudi kuziba na kutoboa upya, peke yake, usiku, na asubuhi mapokezi wako kwenye daftari la kaunta.

Ninapoyasema haya, jibu huwa moja: "Wazungu wale hawatatusikiliza." Hapo ndipo navunjika moyo. Wazo la OpenMRS lilizaliwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, na ni Eldoret hukohuko ilikoanza kazi mwaka 2006. Ni kweli, Indiana, kule Marekani waliko baadhi ya waanzilishi wake, kukicha sisi tunajiandaa kutoka kazini. Lakini Eldoret na Kampala saa yao ni yetu, na huko kuna watu wanaoujua msimbo huu kuliko sisi.

Sisemi kila kitu kiende kwa mradi. Fomu za madai ya bima ya hapa kwetu hazina kazi huko Haiti. Hizo zibaki kwenye moduli yetu, na milango yake iwe chini ya jina la moduli, si kubandikwa kwenye anwani za msingi kana kwamba ni mali ya mradi. Ila kile ambacho kliniki yoyote ingekihitaji, kama kumtafuta mgonjwa kwa namba ya simu ya jirani yake, kifunguliwe tiketi, yaani ombi kwenye orodha ya kazi za mradi, siku ileile unapoanza kukiandika, usingoje umalize. Ukimaliza utakuwa umeshaupenda msimbo wako na hutaki kuambiwa kitu.

Nakiri kusubiri kunaudhi. Tiketi yangu moja ilikaa wiki kadhaa bila mtu kuigusa. Nikaandika cha kwetu ili kituo kisilale, nikaweka namba ya tiketi juu ya faili, nikaendelea.

Tiketi iliyofuata ilikuwa ya mlango wa kuhifadhi na kutafuta namba za kadi za bima. Nilishaandika faili tatu na jedwali lake. Kesho yake asubuhi jamaa mmoja wa Kampala akanijibu kwa swali fupi: kwa nini namba hiyo isiwe aina nyingine ya kitambulisho cha mgonjwa, kama namba ya faili ilivyo? Nikafungua ukurasa wa msimamizi, nikaongeza aina ya kitambulisho, nikampa mgonjwa wa majaribio namba ya kadi, nikaiandika kwenye sehemu ya kutafuta. Akatokea. Faili zangu tatu nikazifuta kabla ya adhuhuri.