Kuuza Vitenge Ni Ujuzi, Si Kusimama Tu

Kila nikirudi nyumbani Arua, shangazi huniuliza: "Mwanangu, bado uko pale dukani? Hujapata kazi?" Hana ubaya. Ila swali hilo huniuma, kwa sababu huu ni mwaka wa tano nauza vitenge katika duka la jumla karibu na soko la Kikuubo, Kampala, Uganda, na kazi yenyewe ninayo.

Niwaeleze inavyokwenda. Mama kutoka Bunia, Kongo, anashuka kwenye basi alfajiri, macho mekundu kwa usingizi, anataka vikwembe. Ndivyo wanavyoviita vitenge kwao, na asiyejua neno hilo ameanza vibaya. Kabla hajauliza bei, anageuza kitambaa. Kitenge cha nta halisi kina rangi ile ile pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja hufifia nyuma. Ukimdanganya hapo, umempoteza yeye na dada zake wote. Kisha ataomba umpunguzie, nawe uwe unajua kichwani pisi ya yadi sita imeingia dukani kwa kiasi gani, dola leo ni shilingi ngapi, na unaweza kushuka hadi wapi bila tajiri, mwenye duka, kukasirika. Haya yote unayafanya huku mteja mwingine akikuita, "Nyabo", yaani mama kwa Kiganda, "kile cha bluu!"

Tajiri wangu hajui Kiswahili. Akiingia Mkongo, naitwa mimi. Wapo watu hapa Kampala ambao bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya wanajeshi, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Dukani kwetu ndicho kinachouza marobota. Wateja wale wana namba yangu ya simu, si ya duka.

Sasa sikilizeni. Desemba moja, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, zilipotea pisi mbili. Nilikuwa peke yangu mbele ya watu watano. Mwisho wa mwezi nikakuta thamani yake imekatwa kwenye mshahara, hata kuulizwa sikuulizwa. Nikikata kitambaa vibaya, nilipe, sikatai. Lakini faida ya wateja wangu iwe ya duka, na hasara ya wizi iwe yangu? Hilo sikubali hadi leo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi ndani ya wiki 12. Sijawahi kuishika karatasi hiyo, na wenzangu niliowauliza kwenye maduka ya jirani pia hawajaishika. Sheria hiyo hiyo inataja saa 48 kwa wiki, zinazozidi zilipwe ziada. Sisi tunafungua saa moja asubuhi, tunafunga saa moja usiku, siku sita. Hesabu mwenyewe. Kuhusu kima cha chini cha mshahara, kilichopo ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo sokoni hazifiki mbali. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini.

Matajiri wanasema kodi ya vyumba mjini ni kubwa. Ni kweli, namwona mtu wa mwenye jengo anavyokuja, na namwona tajiri anavyokosa raha siku hiyo. Ndiyo maana siombi makubwa. Naomba karatasi yenye jina langu na mshahara wangu. Naomba kamisheni, hata ndogo, kwa kila robota linalouzwa kupitia simu yangu. Na naomba kigoda, kwa sababu miguu yangu ina miaka ishirini na saba tu na jioni inavimba kama ya bibi.

Jana mama wa Bunia amepiga simu. Anataka marobota matatu kabla ya Idi, ya maua makubwa, yasiwe na rangi nyeusi nyingi. Nimeshaanza kumchagulia.