Tai chi ya Chen: kusimama kwanza au mfululizo kwanza?

Walimu wa tai chi (sanaa ya mapigano ya Kichina inayofanywa zaidi kwa miendo ya polepole) ya mtindo wa Chen, uliotoka kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, China, hawajakubaliana juu ya mwanafunzi mpya. Wengine humsimamisha tuli kwa wiki kadhaa. Wengine humwingiza moja kwa moja kwenye Laojia Yilu, mfululizo mrefu wenye mikao sabini na kitu.

Wanaotetea kusimama wana hoja nzito. Miguu ikiwa upana wa mabega, magoti yamelegea na mikono imezungushwa mbele ya kifua, mwalimu huona upesi bega lililopanda au kidevu kilichotokeza, akarekebisha kwa mkono wake. Mwanafunzi akishaanza kutembea, akili yote huhamia kwenye kukumbuka mkono gani unafuata.

Ila kusimama nako kuna mtego. Akiambiwa ashushe mfupa wa mkia, mwanafunzi hubana makalio na kusukuma nyonga mbele. Uzito wote unarudi visiginoni, kiuno kinakakamaa, mapaja yanawaka moto kabla dakika 3 hazijaisha. Hapo huambiwa avumilie, naye anavumilia kosa! Dawa ni kukunja kwenye kinena, kama anayetaka kukalia kigoda kirefu, makalio yakiwa yamelegea. Dakika 5 za namna hiyo zinafaa kuliko 20 za kung'ang'ana.

Upande wa pili unasema mwili hujifunza ukiwa kwenye mwendo, na wanafunzi wengi hukimbia darasa wakisimamishwa tu. Ni kweli. Mfululizo mfupi wa mikao 24, uliotungwa China mwaka 1956 kutoka mtindo wa Yang, ulienea mno kwa sababu watu wa kawaida waliweza kuumaliza. Lakini anayekimbilia mfululizo mara nyingi huishia na mikono ya kupendeza na magoti yanayouma.

Tazama Lan Zha Yi, mmoja wa mikao ya mwanzo ya Laojia Yilu. Uzito unahamia mguu wa kulia huku mkono wa kulia ukifunguka. Kiwiliwili kikizunguka bila nyonga kulegea, goti la kushoto linaanguka ndani ilhali wayo umebaki pale pale. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua; likisokotwa chini ya uzito, linalipa deni la nyonga. Kila goti lielekee kidole cha pili cha mguu wake. Likikataa, punguza upana wa hatua na uinuke kidogo. Kushuka chini sana ili kuonekana hodari ndiko kunakoharibu wengi.

Kosa hilo kusimama tuli hakulifichui, kwa kuwa uzito hauhami. Kwa hiyo ningeanza na zoezi lililo katikati: kusokota hariri, yaani kuchora miduara hewani, kwa mkono mmoja. Mkono mwingine unashika kiuno, nyayo hazibanduki, uzito unakwenda kulia na kurudi kushoto bila kuzidi takriban asilimia 70 upande mmoja. Hapo mwalimu anaona goti likiwa kazini, na mwanafunzi hana cha kukariri.

Anayejifunza kwa video peke yake ajirekodi kutoka mbele. Ukipiga picha kutoka ubavuni, goti linaloanguka ndani halionekani.