Simon Hajasema

Gredi ya Pili yangu ilikuwa na watoto 72 chini ya mabati ya Manyatta, hapa Kisumu. Mnaolijua joto letu la saa tano unusu mnajua kwamba wakati huo hufundishi watoto, unafundisha nguo zilizoanikwa. Na ukiingia na "Good morning" yako, wanakuitikia kwa wimbo: good morning teacher, we are fine, thank you teacher. Hali yao hujawauliza bado.

Nikakumbuka somo la chuoni kuhusu James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani. Tangu miaka ya 1960 alishikilia kwamba mtoto huijibu lugha kwa mwili kwanza, mdomo ukafuata baadaye. Si uongo. Hata kwetu mtoto hutumwa kiatu akakileta kabla hajaweza kutamka kiatu. Basi nikachagua ule mchezo wa Simon. Kiongozi akisema "Simon says touch your nose", mnashika pua. Akisema "touch your nose" tupu, bila Simon, anayeshika ametoka.

Nikiri hapa mapema: mchezo wetu wenyewe tulikuwa nao. Nyama, nyama, nyama! Ukitaja ng'ombe wote wanaruka na kuitika "nyama!", ukitaja paka anayeruka anatoka. Ningewataja tu hao wanyama kwa Kizungu, kazi ingekwisha. Lakini mwalimu mpya ana kiburi chake. Hapendi kufundisha kwa kitu ambacho watoto wanakijua kumshinda.

Msichana wa dawati la mbele akainua mkono. "Ticha, Simon gani? Simon wa geti?"

Ni kweli askari wetu aliitwa Simon. Mzee mrefu, koti la jeshi lililokwisha rangi, rungu kwapani. Ndiye pia aliyegonga kengele, yaani ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mwarobaini. Kipindi chetu ni dakika 30, na 11 zilikuwa zimeliwa na kusukuma madawati. Nikajibu, "Ndiyo, huyo huyo."

Wafaransa kwenye mchezo huu humwita Jacques. Manyatta nzima sijawahi kusikia Jacques hata mmoja. Lakini ndiyo hivyo, nilikuwa nimeshasema.

Darasa liliwaka. Simon says jump, vumbi juu. Simon says stand on one leg, watoto 72 kama korongo wa Dunga. Kufikia Ijumaa walijua jump, sit, wash, eat, sleep, na zaidi ya yote walijua kutotegeka: bila jina la Simon, hakuna aliyetikisa hata sikio. Nilizunguka ofisi ya walimu nikigawa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Jumatatu asubuhi nikasikia sauti getini. Mama mmoja muuza samaki wa Kibuye, aproni bado kiunoni, amemshika mwanawe mkono, na mtoto amevaa tope la tangu Jumamosi.

"Simon ni nani hapa?"

Mzee Simon, asiyejua hili wala lile, akasimama wima na kufunga kifungo cha koti. "Ni mimi, mama. Nikusaidie nini?"

"Kumbe ni wewe! Umemkataza mtoto wangu kuoga kwa nini?"

Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mama akaendelea. Namwambia oga, ananitazama tu. Nampakulia, anashika ugali anangoja. Nikiuliza, ati Simon hajasema. Babake kamwambia alale, kakaa kitandani macho kodo mpaka saa nne. "Huyu nimemzaa mimi au amezaliwa na Simon?"

"Mama, mimi hata mtoto huyu simjui."

"Ndiye huyu, mama," mtoto akasema, akimwonyesha kwa kidole.

Wakati huo mimi nilikuwa nyuma ya ua wa michongoma na kikombe changu cha chai, nikitafakari kurudi kwetu. Chai ilipopoa nikajitokeza. Nikamweleza mama kwamba ni mchezo tu, kisha nikamwinamia mtoto: "Mchezo umekwisha. Mtii mama, nenda ukaoge."

Akanitazama kwa huruma. Kwa siku tatu mimi ndiye niliyekuwa nikiwategea amri za uongo. Neno langu lingeaminika vipi leo? Akamgeukia mzee.

"Haya, mimi Simon nimesema oga," mzee akasema.

Kimya.

"Kwa Kizungu," mtoto akanong'ona.

Mzee akanisogelea, sikio kwa mdomo. "Japuonj," akaniita kwa Kijaluo, yaani mwalimu, "kuoga tunasemaje?" Nikampa. Akakohoa, akainua rungu kama chifu: "Simon says, wash!"

Mtoto alifika kwenye mfereji shati likiwa tayari mkononi. Mama akamtazama mzee kama mtu aliyeona mbuta mzima anauzwa kwa bei ya omena.

Jumanne walikuja akina mama watatu. Mmoja wa mtoto asiyemaliza ugali, mmoja wa mtoto anayelamba ukuta, wa tatu na kidonge cha minyoo kwenye kitambaa. Wote walinipita mimi bila hata salamu, "Jaduong' Simon yuko?" yaani Mzee Simon. Mzee akanunua daftari la kurasa 48. Kila mapumziko alikuja kunitafuta, kalamu sikioni. "Japuonj, 'wacha kulamba ukuta'?" Akaandika kama alivyosikia: stopu liking di wolu. Akaenda akatamka. Mtoto akaacha.

Nilijaribu kumleta Jacques darasani. Wakaniuliza anakaa mtaa gani, nikakosa jibu, Jacques akafia hapo.

Muhula ukaendelea. Juzi mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda ikazimika Kondele, nikafika getini nimechelewa dakika kumi. Mzee alikuwa amesimama katikati ya lango. Hakuniamkia. Akafungua daftari, akalamba kidole, akapekua taratibu mpaka akafika ukurasa alioutaka. Dirishani kwa Gredi ya Pili vichwa vilikuwa vimejipanga.

"Simon says," akasema, "run."

Nikakimbia.