Kufuli Lilipogeuka Kipaza Sauti

Kazi ya kutunza nyani nilitafutiwa na mjomba. Ya uchekeshaji nilijitafutia mwenyewe. Jumamosi moja ya Oktoba hapa Mtwara, msimu wa mabibo, zote mbili zilinikuta ndani ya banda moja.

Banda lina sehemu mbili: uwanja, na chumba wanacholala. Katikati kuna mlango wa chuma wa kuburuza. Chakula unakiweka chumbani, wakishaingia unawahesabu (wetu saba), unaburuza mlango, unapitisha komeo, unatia kufuli, unautikisa, unahesabu tena. Ndipo unaingia uwanjani na ufagio. Kufuli si pambo: nyani akizitikisa nondo, komeo tupu hucheza mpaka likachomoka tunduni.

Asubuhi hiyo niliandaa mihogo, boga na mabibo. Mabibo yawe ya leo. Yaliyolala huchacha, na nyani mlevi hahesabiki. Korosho zake uzinyofoe kwanza, maana ganda lina mafuta yanayounguza midomo. Hayo yote nilifanya sawasawa. Shida ni kwamba usiku nilikuwa na harusi ya kuchekesha Mikindani, na mazoezi sikuwa nimemaliza.

Kichekesho changu cha bwana harusi aliyetajiwa mahari hakiishii kwa neno, kinaishia kwa uso: nyusi juu, macho kodo, mdomo wazi mpaka magego yaonekane. Nikiwa uwanjani nikashika kufuli kama kipaza sauti, nikautoa uso huo mbele ya nondo. Upande wa pili alikaa dume kubwa, tunamwita Mwenyekiti.

Naye akapandisha nyusi, kope zake nyeupe zikaonekana. Halafu akapiga mwayo wa polepole, chonge zote nje. Nikasema huyu kanielewa! Nikarudia. Akapiga mwayo mwingine, mrefu zaidi.

Kumbe kwa nyani huo ndio ugomvi wenyewe: kukodoa macho, kupandisha nyusi, kutoa chonge. Nilikuwa nimemtukana mara mbili mbele ya familia yake.

Akaurukia mlango. Mara ya tatu komeo likachomoka.

Nikajitupa kwenye kichumba cha kutokea, kile chenye milango miwili, nikaufunga wa ndani kwa kufuli lilelile. Wa nje hufungwa na mwenzako akiwa nje, na mwenzangu alikuwa amekwenda kunywa chai. Mwenyekiti akaja, akakaa kwenye wavu, hatua moja kutoka puani mwangu. Hapo dawa ni kuangalia chini, kufumba mdomo na kushusha nyusi. Usitabasamu hata kidogo.

Ndipo wakafika watoto wa shule, wametembezwa kuona wanyama. Walivyocheka! Miaka mitatu ya majukwaa sijapata watazamaji wale, nami siruhusiwi hata kuinua uso niwaone.

Mjomba alipofika hakunisemesha. Alizunguka nyuma, akagonga sufuria ya mihogo kule chumbani. Mwenyekiti ndiye hula kwanza, basi akaenda, waliobaki wakamfuata. Saba. Mlango, komeo, na kufuli la akiba kutoka mfukoni mwake.

"Mpwa wangu, kufuli lilikuwa wapi?"

"Mkononi, mjomba."

"Likifanya nini mkononi?"

"Lilikuwa kipaza sauti."

Mzee akanyamaza. Kisha akampa Mwenyekiti mgongo, akaziba mdomo kwa kofia yake, mabega yakaanza kutikisika.