Kaburi la Perugia limemtaja mama, sisi je?

Juzi treni imefutwa tena hapa Ponte San Giovanni, nje kidogo ya mji wa Perugia, Italia, saa nzima na nusu ya kusubiri na jua linachoma utadhani Tanga mwezi wa pili, nikasema bora niingie kwa Volumni nipoe. Ni kaburi la ukoo wa Waetruski, watu wa kale wa Italia kabla Warumi hawajawameza, lipo hapohapo karibu na reli, liligunduliwa 1840 wakati wanatengeneza barabara. Unashuka ngazi kali hivi, ghafla baridi kama umefungua friji.

Wafu wa ukoo huo wamo ndani ya makasha ya mawe ya kuwekea majivu. Mkubwa wao, Arnth Velimna, kajilaza juu ya kasha lake kama mtu aliyeshiba pilau anasubiri kahawa. Chini yake majini wawili wa kike wenye mbawa, wamekaa huku na huku.

Ila mimi nimeganda kwenye kasha la marumaru, limechongwa kama kijumba. Maandishi Kietruski na Kilatini: P. Volumnius, mtoto wa Aulus, halafu "Cafatia natus", yaani kazaliwa na Cafatia. Warumi kawaida yao waliandika baba tu, huyu keshakuwa Mrumi kabisa mpaka jina kabadilisha, Velimna likawa Volumnius, lakini mama yake hajamwacha nje.

Najua mtakuja, "ooh kakaa Ulaya miaka miwili anatufundisha kuzika", "masanamu hayo haramu". Jamani nani kasema tuchonge sanamu?? Na habari ya talakini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, msinifundishe, nimechuchumaa makaburini mara ngapi nasikia marehemu anaitwa kwa jina la mama yake, na kwa hilo natembea kifua mbele hapa, Wataliano wa leo hawana kitu kama hicho. Lakini semeni kweli, mara ngapi watu wametazamana pale, hakuna anayelijua, ikaishia "mwana wa Hawa"? Halafu kibao cha simenti kinaandikwa fulani bin fulani basi, na mama mwenyewe akifa tangazo linasema Mama Salimu. Salimu ndo jina lake?

Nikatoka nje nikampigia mama. Mama yake bibi alikuwa anaitwa nani?

"Tulimwita Bi Mkubwa."

Jina mama, jina.

Kimya. Halafu, "ngoja nimuulize mjomba'ko wa Pangani", na treni ndo ikawa inaingia.